Kirusi Kinachopita Ggaba Bila Kukohoza Mtu

Katikati ya Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi iliyokaa tangu 1964. Mwaloni Ggaba, bandari ya wavuvi ya Kampala, maji yaliingia kwenye vibanda, na mwenye mali ya kuokoa akaihamishia juu, upande wa barabara. Hakuna aliyebishana juu ya ukubwa wa mafuriko yale. Kipimo cha Jinja kinasomwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, mvua inyeshe isinyeshe, kwa namna ile ile, kwa hiyo ziwa lilipofura tulikuwa na namba ya jana, ya mwaka jana na ya miaka hamsini nyuma. Wiki hizo hizo Uganda ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona, na kwa korona kipimo cha namna hiyo hakikuwepo. Tulijua ni madereva wangapi wa malori wamekutwa na virusi mpakani. Kuhusu mama anayeanika mukene, yaani dagaa, Ggaba tulikuwa tunabahatisha.

Kubahatisha huko hakukuwa lazima. Nchi hii ilijifunza kusaka virusi visivyo na kelele tangu enzi za babu zetu, na ikafanya hivyo kwa vifaa duni kuliko tulivyo navyo sasa. Kinachotushinda ni kuendelea kupima wakati hakuna anayeumwa.

Tuanze na mpaka. Mgonjwa wa kwanza wa korona Uganda alithibitishwa tarehe 21 Machi 2020: msafiri aliyetua Entebbe akitokea Dubai. Hazikupita siku kumi kabla mipaka haijafungwa kwa abiria, teksi za abiria zikasimama, boda boda zikakatazwa kubeba watu, na usiku ukawekewa amri ya kutotoka nje. Wachuuzi wa chakula waliambiwa walale sokoni wasirudi nyumbani. Mizigo pekee ndiyo iliyoendelea kupita, maana nchi isiyo na bahari haiwezi kuifunga Malaba na Busia halafu ikapata mafuta na dawa. Vipimo vikafuata mizigo. Dereva alichukuliwa sampuli puani akangoja, na foleni ikajivuta kilomita nyingi ndani ya Kenya. Wengi waliokutwa na virusi hawakuwa na homa wala kikohozi, na wangeendelea na safari bila kujua kitu.

Ukipima madereva, utapata madereva. Jambo hili ni dogo mno kiasi kwamba linaudhi kulirudia, lakini siasa ya mwaka ule wote ilijengwa juu ya kulisahau. Kwa kuwa sampuli nyingi zilitoka mpakani, wagonjwa wengi walitoka mpakani, na kwa kuwa wagonjwa wengi walitoka mpakani, ikaonekana ni haki kupeleka sampuli nyingi zaidi mpakani. Dereva akawa mtu wa kukimbiwa kwenye vituo vya njiani. Mwezi Mei serikali ikaamua kwamba madereva wa nchi jirani waliokutwa na virusi wasiingie tena kwenye hesabu ya taifa, na jumla ikashuka kwa kalamu. Kirusi hakikushuka.

Mwishoni mwa Aprili Wizara ya Afya ilianza kuchukua sampuli ndani ya jamii pia, na taarifa zake za kila siku zikawa zinatenganisha sampuli za mipakani na zile za jamii. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na sijui kwa nini hausifiwi vya kutosha. Shida ilikuwa kwenye kuyasoma majibu. Siku baada ya siku sampuli za jamii zilirudi zikiwa safi, au karibu safi, na mtaani watu wakahitimisha kwamba korona haipo, ni mambo ya madereva.

Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Tuseme katika mtaa wa watu 20,000, kila watu 1,000 wana mmoja aliyeambukizwa. Hao ni watu 20, na kwa ugonjwa unaoongezeka maradufu kila baada ya siku chache, 20 ni wengi. Ukaja ukapima watu 300 waliochaguliwa bila upendeleo, kwa kipimo kisichokosea kamwe. Mara tatu katika kila nne utaondoka hujampata hata mmoja. Sifuri yako itakuwa ya kweli na bado haitamaanisha kwamba mtaa ni salama. Wataalamu wa takwimu wana kanuni ya haraka kwa hali hii: ukipima watu kadhaa usipate kitu, gawanya tatu kwa idadi uliyopima, na hapo ndipo penye dari ya kile unachoweza kukiapia. Tatu kwa 300 ni moja kwa 100. Yaani baada ya kuwapima 300 na kukosa, unachoweza kusema kwa uhakika wa kutosha ni kwamba walioambukizwa mtaani pengine hawazidi 200. Taarifa ya namna hiyo haitangazwi redioni kwa sababu haimfurahishi mtu, lakini ndiyo taarifa iliyo ya kweli.

Upande wa pili una mtego wake. Chukua kipimo cha haraka kinachowakamata watu wanane kati ya kila kumi walioambukizwa, na kinachomkosea mtu mmoja tu kati ya 100 wasio na kitu. Kipimo kizuri hicho. Kipeleke mahali ambapo mmoja kati ya 1,000 ndiye mwenye virusi, upime watu 10,000. Wenye virusi ni 10 na utawapata wanane. Wasio navyo ni 9,990, na karibu 100 kati yao wataambiwa wanavyo. Mezani una majina 108, na manane tu ndiyo yenye virusi. Ukiwachukua wote 108 ukawapeleka karantini mbele ya majirani, umewaonea karibu 100.

Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli wa Tanzania alisema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu zikarudi zikidaiwa kuwa na korona. Kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa kilikana kwamba vipimo vile vilikuwa vibovu. Siku chache baadaye takwimu za Tanzania zilikoma kabisa, zikiishia wagonjwa 509. Siasa ya kisa kile imeandikwa na wengi. Kinachonihusu mimi ni kwamba papai lile lilifika Ggaba kabla ya mhudumu yeyote wa afya. Lilichekesha, likaaminika, na likawakuta watu ambao hakuna aliyewaambia mapema kwamba kipimo chochote, hata kizuri, hukosea kwa kiasi kinachojulikana, na kwamba kosa hilo huonekana kubwa zaidi pale ugonjwa unapokuwa haba. Asiyeambiwa hilo mwanzoni akija kuliona mwishoni huona ametapeliwa.

Gharama ndiyo kisingizio kinachotolewa mara nyingi. Uganda iliweka bei ya dola 65 kwa kipimo cha PCR cha madereva na wasafiri mwaka huo wa 2020. Kupima watu 1,000 wa mwaloni kwa bei hiyo ni dola 65,000, na hakuna ofisi ya wilaya itakayoidhinisha. Lakini kuna njia ya kuchanganya sampuli, na ni ya zamani. Mwaka 1943 mchumi Robert Dorfman alipendekeza kwamba jeshi la Marekani, badala ya kupima kaswende kwa kila askari, lichanganye damu za askari kadhaa na kuzipima kwa pamoja. Mchanganyiko ukiwa safi, kundi zima ni safi. Ukiwa na ugonjwa, hapo ndipo unarudi kwa mmoja mmoja. Watu 1,000 katika makundi ya kumi kumi, kukiwa na aliyeambukizwa mmoja kati ya 100, huhitaji vipimo 196 hivi tu. Dola 65,000 zinashuka chini ya 13,000. Maambukizi yakifika mtu mmoja kati ya kumi faida inayeyuka, maana makundi mengi yanakuwa na ugonjwa na unalazimika kurudia. Utahitaji vipimo kama 750. Kwa hiyo njia hii ni ya wakati ule ule tunaouzungumzia hapa, kirusi kikiwa bado kichache na kimya.

Majirani zetu wa Rwanda waliisukuma mbali zaidi. Wilfred Ndifon wa taasisi ya hisabati ya AIMS, Leon Mutesa wa Chuo Kikuu cha Rwanda na wenzao walibuni namna ya kuzipanga sampuli ili kila mtu aingie kwenye michanganyiko kadhaa tofauti, na kutokana na michanganyiko ipi imekutwa na virusi waweze kumtambua mwenye navyo bila kurudia kupima wote. Walionyesha kwamba sampuli moja yenye virusi inaweza kuonekana hata ikichanganywa na 99 safi. Kazi yao ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2020, na Kigali iliitumia. Kutoka Kigali hadi Kampala ni safari ya basi la usiku mmoja. Sijaona sababu ya maana ya kwa nini hesabu hiyo isisafiri.

Hata hivyo, sampuli ya pua ina udhaifu usiotibika kwa hesabu: inamwona aliye na virusi leo, na aliyepona wiki tatu zilizopita haimwoni. Anayetaka kujua kirusi kimepita wapi lazima aulize damu.

Na hapa ndipo historia ya Entebbe inapoingia. Miaka ya 1930 watafiti wa Shirika la Rockefeller walikuwa wanakusanya damu sehemu nyingi za Afrika kutafuta nyayo za homa ya manjano. Njia yao ilitegemea panya. Maji ya damu ya mtu yalichanganywa na kirusi, panya akachomwa sindano ya mchanganyiko huo. Panya akifa, mtu yule hakuwa na kinga, na panya akipona, mtu yule alikwisha kukutana na homa ya manjano maishani mwake. Walikuta watu wenye kinga Uganda na kusini mwa Sudan, sehemu ambazo hakuna daktari aliyekuwa ameripoti mlipuko wowote. Halafu wakatazama umri. Wakiwa na kinga wazee peke yao, kirusi kilipita zamani kikaondoka. Wakiwa nayo watoto, kirusi kipo bado. Kwa damu ya watoto wadogo unaweza kuandika tarehe ya mlipuko ambao hakuna aliyeushuhudia.

Majibu hayo ndiyo yaliyofanya Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano ifunguliwe Entebbe mwaka 1936, hiyo hiyo tunayoiita leo UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda. Mwaka 1941 kirusi chenyewe kikapatikana kwa mgonjwa wa Bwamba, chini ya Ruwenzori, na uchunguzi wa huko ukaeleza ukimya wake: kinazunguka baina ya nyani na mbu juu ya miti mirefu, halafu nyani wakishuka kuiba ndizi, mbu wa migombani wanakipeleka kwa wakulima. Msitu wa Zika nao, ambao uko njiani ukitoka Kampala kwenda Entebbe, ulitoa kirusi chake mwaka 1947 kwa nyani wa majaribio, na damu za wakazi zilipopimwa baadaye ikaonekana watu kadhaa wamekwisha kukipata bila habari. Dunia ilikuja kulisikia jina hilo miaka karibu sabini baadaye, kupitia Brazil.

Kenya ilitumia mbinu hiyo hiyo kwa korona, na iliwahi. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walioko Kilifi walichukua damu 3,098 zilizokwisha kutolewa na wachangia damu kati ya Aprili na Juni 2020, wakatafuta kingamwili. Baada ya kurekebisha kwa umri na kwa makosa ya kipimo, walikadiria asilimia 4.3 ya nchi wamekwisha kuambukizwa. Mombasa asilimia 8.0, Nairobi 7.3. Ukizidisha juujuu kwa watu milioni 47.6 wa sensa ya 2019 unapata zaidi ya milioni mbili. Hadi Julai 31, waliothibitishwa kwa kupimwa pua walikuwa 20,636. Kwa kila mgonjwa mmoja aliyehesabiwa kulikuwa na karibu watu 100 waliopita nyuma ya hesabu, na kazi hiyo haikuhitaji kumchoma sindano mtu hata mmoja zaidi.

Mchangia damu lakini si kila mtu. Ni kijana, mzima, na kwetu Uganda mara nyingi ni mwanafunzi, kwa sababu Huduma ya Damu ya Nakasero hutegemea sana shule za sekondari. Shule zilipofungwa, chanzo hicho kilikauka. Chanzo cha pili tunacho tangu zamani zaidi: kliniki za wajawazito. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Uganda ilianza kufuatilia UKIMWI kwa damu iliyobaki baada ya kupimwa kaswende katika hospitali kama Nsambya na Rubaga. Majina yaliondolewa, chupa ikabaki na umri na mahali. Ndivyo nchi ilivyojua kwamba katika baadhi ya kliniki za mijini karibu asilimia 30 ya wajawazito walikuwa na virusi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ndivyo ilivyojua baadaye kwamba kiwango kinashuka. Wanawake wale hawakuambiwa majibu yao. Wakati hakuna dawa, wengi walilikubali hilo. Dawa zilipofika, likawa halikubaliki, na utaratibu ukaachwa. Anayetaka kuufufua kwa kirusi kingine lazima aeleze kwanza majibu yatawafikiaje wenye damu.

Sasa turudi mwaloni kwenyewe, kwa kuwa kupanga sampuli Ggaba si sawa na kuipanga Kololo kwa matajiri. Mpimaji wa kawaida hufika saa nne asubuhi na orodha ya nyumba, akiongozana na mtu wa LC1, baraza la mtaa. Saa nne asubuhi mvuvi wa mukene amelala fofofo, au bado hajarudi, au yuko ng'ambo ya Mukono. Anaowakuta ni wanawake, watoto na wazee, na ripoti itasema Ggaba imepimwa. Mukene huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili, taa haivuti dagaa, na mitumbwi mingi hupumzika. Siku hizo tatu nne ndizo za kuwapata wavuvi wakiwa macho mchana, wakishona nyavu na kucheza karata. Kalenda ya utafiti wa mwaloni ifuate mwezi wa angani, si mwezi wa bajeti. Hili haliongezi hata shilingi moja.

Tena tusiende kwa wavuvi na hukumu mkononi. Kasensero, mwalo uliokuwa wilaya ya Rakai ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Uganda walionekana mwaka 1982, umeishi miaka arobaini na sifa ya kuwa kisima cha virusi vinavyomwagikia bara. Maambukizi huko yamekuwa makubwa kweli, karibu wanne kati ya kumi. Lakini mradi wa Rakai, ulioanza kufuatilia jamii za wilaya hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, uliposoma vinasaba vya virusi vya watu wa ziwani na wa bara na kuangalia nani alimwambukiza nani, majibu yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kinyume: virusi vilikuwa vinatoka zaidi bara kwenda ziwani kuliko ziwani kwenda bara. Mwalo ulikuwa unapokea. Bila sampuli za pande zote mbili, kosa hilo lingeendelea kuitwa ukweli unaojulikana na kila mtu.

Ipo njia ya tatu, isiyohitaji pua wala mkono wa mtu, nayo ndiyo iliyoiletea Kampala heshima isiyoimbwa. Mwanzoni mwa Juni 2021, wimbi la pili la korona likijaza wodi na oksijeni ikiadimika, wahudumu waliendelea kuchota majitaka kwenye mitambo ya Bugolobi na Lubigi kama kawaida yao. Sampuli huwekwa kwenye kisanduku cha barafu na kupelekwa Entebbe. Nusu lita hupunguzwa kitaalamu mpaka mililita kumi hivi, kisha hutiwa kwenye seli za maabara, zikiwemo seli za panya zilizopandikizwa kipokezi cha polio cha binadamu. Seli zikifa, kuna kitu. Safari hii kulikuwa na kitu: kirusi cha polio aina ya pili, kilichotokana na chanjo na kikabadilika kwa kuzunguka miongoni mwa watoto wasio na kinga, chenye undugu na kile cha Sudan na Chad. Hapakuwa na mtoto aliyepooza Kampala. Na asingepatikana upesi, maana kwa polio kwa jumla anapooza mtoto mmoja katika kila maambukizi 200 hivi, na kwa aina ya pili ni wachache hata kuliko hao. Ukingoja mguu ulegee, umechelewa kwa mamia ya watoto.

Mwaka uliofuata London nayo ilikuta polio kwenye mtambo wake wa Beckton, na dunia nzima ikaandika habari. Kampala ilikuwa imefanya hivyo mwaka mmoja kabla. Mei 2024 majitaka ya Mbale yakatoa tahadhari nyingine ya aina hiyo.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Kirusi kilichochotwa Juni 2021 kilijibiwa kwa matone nyumba kwa nyumba katikati ya Januari 2022. Miezi saba. Kipimo kiliwahi, chanjo ikachelewa. Tena Beckton inapokea majitaka ya watu karibu milioni nne, na kila anayejisaidia upande huo wa London anahesabika. Kampala mabomba ya majitaka yanafikia sehemu ndogo tu ya wakazi, kama kaya moja katika kumi. Majitaka ya Bugolobi yanasimulia habari za katikati ya mji, za mahoteli, maofisi na nyumba zenye vyoo vya kuvuta. Mpangaji wa chumba kimoja Ggaba anatumia choo cha shimo pamoja na familia sita, na habari zake zinabaki shimoni. Au mvua ikinyesha zinateremka ziwani, kwenye hori ile ile ya Murchison inayopokea mfereji wa Nakivubo na ambayo mitambo ya Ggaba inachota maji ya kunywa ya mji. Shirika la maji limelazimika kujenga mtambo mpya mbali, Katosi, na uchafu wa hori ni sehemu ya sababu.

Shimo hilo lakini huja kujaa, na likijaa huitwa watu. Palipo na njia pana huja gari la kunyonya choo. Penye uchochoro huja vijana wa Gulper, pampu ya mkono. Kwanza wanavua kwa kulabu vitambaa, chupa, pedi na viatu vya mtoto, maana pampu haimezi hivyo; ndipo wanasukuma tope ndani ya mapipa na kuyabeba mpaka kwenye pikapu. Mwisho wa safari ni Lubigi au Bugolobi. Kila gari lina dereva anayejua limetoka mtaa gani, na KCCA, mamlaka ya jiji, kwa mpango wake wa Weyonje imekuwa ikiwaunganisha wenye vyoo na wanyonyaji. Kwa maneno mengine, karatasi ya kuonyesha tope gani ni la Ggaba na lipi ni la Bwaise inawezekana leo. Kikombe kimoja kutoka kila gari la Ggaba kabla halijamwaga kingetusemea watu ambao bomba haliwasemei.

Udhaifu wake niuseme pia: tope la shimo ni la miezi, na kirusi kama cha korona huharibika humo upesi kuliko cha polio. Litakujulisha kwamba kitu kimepita, si kwamba kimefika jana. Choo cha kulipia cha mwaloni, kinachotumiwa na mamia kwa siku, ndicho kingetoa habari mbichi zaidi, kikichotwa kila wiki saa ile ile.

Kwa hiyo sidai upimaji wa watu wote. Slovakia ilijaribu mwishoni mwa Oktoba 2020, ikapima watu milioni 3.6 kwa siku mbili, na majira ya baridi bado yakaileta nchi hiyo kwenye hali mbaya. Nadai kidogo kisichokatika: damu zilizobaki za kliniki za Makindye, tarafa yenye Ggaba, safari hii kwa idhini ya wenye damu na kwa njia ya kuwafikishia majibu, pua chache zilizochanganywa siku za mbalamwezi, kikombe cha tope, na chupa ya choo cha mwaloni. Wizara ya Afya na KCCA waiweke kazi hiyo kwenye bajeti ya kila mwaka, hata mwaka usio na janga, na majibu yabandikwe mwaloni kwa Kiganda na Kiswahili, pamoja na kiasi cha makosa cha kila kipimo.

Nawe uliyeko Ggaba, mhudumu akija kukuomba damu au kukuingizia kijiti puani, muulize mambo matatu: anatafuta nini, majibu yatakufikia lini, na wakikipata wanachokitafuta wataleta nini mtaani. Akikujibu yote matatu, mpe mkono wako. Akishindwa hata moja, mpeleke kwa mwenyekiti wa LC1 aliandike swali hilo kwenye daftari, naye arudi akiwa na majibu.